Unga wa Magoti

3 Februari

Honi mwanangu,

Kabla hujaanza kuuliza: mimi mzima, gari zima, na simu imezimwa kwa sababu niko kazini nikifundisha udereva. Siwezi kumkaripia mwanafunzi kwa kushika simu kwenye usukani huku yangu inalia mfukoni. Ukiwa na neno, andika. Barua haikatiki katikati, na pia sikusikii ukipiga miayo.

Nina habari. Goti limepona! Lile la kushoto, la klachi, ambalo Fundi wa gari langu alikuchongea kwamba linanisumbua, nawe ukanijibu nipunguze uzito na nipumzike, kana kwamba mimi ni sofa. Tangu katikati ya mwaka jana natumia dawa. Nilikuficha makusudi, nikitaka nikupe habari ikiwa imeiva. Ni unga wa kahawia, kijiko kidogo kwenye chai ya asubuhi, basi. Nanunua kwa Profesa. Usifikirie chuo, ni yule mwanafunzi wangu aliyeshindwa mtihani wa kurudi nyuma mpaka mtahini mwenyewe akamwonea huruma. Sasa ana kibanda cha dawa za mizizi nyuma ya stendi. Gari lilimkataa, mizizi imemkubali.

Napanda ngazi za ofisini bila kushika ukuta. Nakula kama mtu aliyetoka kifungoni. Mashavu yamejaa yakawa duara, watu wananiuliza nimeolewa lini na mbona hawakualikwa. Usingizi ndio umenikimbia, lakini hiyo ni faida: kukipambazuka gari limeshaoshwa. Ngozi nayo imekuwa laini kama ya kichanga, nikijigonga kidogo tu kwenye mlango wa gari inabaki alama ya zambarau. Fundi anasema nikiendelea hivi itabidi anipige rangi upya.

Ukitaka nikutumie kopo moja kwa ajili ya wagonjwa wako huko dharura, sema. Mganga hajigangi, lakini si vibaya akisaidiwa.

Ni mimi,
Shangazi yako


11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, katikati ya mtu aliyemeza betri ya saa na mwingine aliyeng'atwa na mkwewe. Nilitaka kuirarua. Nimeshindwa kwa sababu mwandiko ni mzuri.

Unga wa kahawia! Hauna jina, hauna lebo, hauna aliyeupima, na umetoka kwa mtu ambaye wewe mwenyewe ulisema usingemkabidhi hata baiskeli. Shangazi, unajua kazi yangu? Kazi yangu ni kupokea watu waliokunywa kitu kwa sababu fulani aliwaambia kinafaa. Wanakuja ini limeoza, figo zimekufa, na ndugu yao mlangoni ananiapia kwamba ilikuwa mizizi tu. Nimechoka kuisikia hiyo "mizizi tu". Na sasa nainusa kwenye barua ya mtu aliyenilea.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini lako ni balaa zaidi, linasikia kila dawa isipokuwa yangu. Nilipokwambia vaa miwani, ulisema barabara ndiyo ina ukungu. Nilipokwambia ukapimwe presha, ulimpeleka Fundi akapimwe kwa niaba yako. Mpaka lini?

Acha huo unga. Sisemi upunguze, sisemi umalizie kopo lililobaki. Acha leo hii, na umwage mahali usipoweza kuufuata. Ukinipenda hata kidogo, shangazi, hili moja nisikilize.

Mtoto wa kaka yako,
Honi


24 Februari

Honi,

Barua yako nimeipata. Nakushauri uiandike tena ukiwa umekaa.

Sijaacha na siachi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nijuavyo mimi mkuu hapa bado ni mimi. Nimeshika usukani kabla hujajua kujifunga kamba za viatu, kwa hiyo usinipigie kelele kama mimi mwanafunzi aliyesahau kuachia breki ya mkono. Wewe ni daktari wa watu wengine. Kwangu wewe ni Honi, uliyeitwa hivyo kwa sababu ulilia kwa sauti moja tangu hospitali ulikozaliwa mpaka nyumbani, na naona hujabadilika.

Goti halina tatizo. Nina mafua kidogo yaliyoshuka kifuani, na hamu ya chakula imepungua. Ni hali ya hewa tu. Siku hizi nina mwanafunzi mmoja, mwalimu wa hesabu, anayejua kasi ya kila kitu duniani isipokuwa ya gari analoliendesha. Huyo peke yake anatosha kumkata mtu hamu ya kula.

Naishia hapa, mkono umechoka.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Leo tafadhali usiruke mistari. Soma yote.

Juzi tuliletewa kinyozi, mtu wa makamo. Anatapika, tumbo linamuuma, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Presha iko chini. Tukasema amekula kitu kibovu, tukamtundikia dripu. Presha haipandi. Tukatundika nyingine. Haipandi. Tukapima sukari, nayo imeshuka. Mimi ndiye niliyekuwa namshughulikia, na niliendelea kummiminia maji kama mtu anayejaza ndoo iliyotoboka, nikiwafokea wauguzi kana kwamba wao ndio waliotoboa. Baadaye bosi wangu akapita. Hakuangalia mashine, aliangalia uso. Mashavu ya duara, mikono myembamba, alama za zambarau kwenye ngozi. Akamuuliza mke wa kinyozi: mumeo anatumia dawa gani? Mke akajibu hatumii kitu. Zamani alikuwa na unga wa mgongo, lakini ameacha, na mke mwenyewe ndiye aliyembembeleza aache.

Kuna watu wanaosagia vidonge vya steroidi, homoni ya kutengenezwa, humo kwenye unga bila kumwambia mnunuzi. Ndiyo maana maumivu yanaondoka, njaa inakuja, usingizi unakimbia, mashavu yanajaa. Sasa nisikilize. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni inayoufanya mwili uhimili shida. Ukiulisha mwili homoni hiyo kutoka nje kila siku, tezi zinalala. Ukikata ghafla, hazijui kuamka, na ugonjwa wowote mdogo ukija mwili hauna cha kujishikia. Ni sawa na gari lililoegeshwa mlimani kwa jiwe. Breki yenyewe imeshakufa kwa kukaa, halafu mtu mwenye nia njema anakuja kuondoa jiwe.

Hali hii hatuioni mara nyingi, na ikija inavaa nguo za magonjwa mengine. Tulimchoma haidrokotisoni, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Tulichelewa. Kinyozi amefariki.

Nilikwenda stoo ya mashuka nikakaa sakafuni, na barua yako ya kwanza ikanijia neno kwa neno. Mashavu. Njaa. Usingizi. Zambarau. Uliniandikia ugonjwa mzima kama kitabu cha darasani, nami niliona kiburi chako tu. Halafu nikakumbuka nilivyokujibu. Acha leo hii. Shangazi, niliinuka mbio. Nilikwenda kutafuta simu, na pale mapokezi mlinzi akanipa bahasha yako. "Sijaacha na siachi."

Nimecheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Sijawahi kufurahi namna hii kukaidiwa. Miaka yote hiyo ukichwa ngumu wako umenipandisha presha, leo umekuokoa.

Kwa hiyo nafuta kauli: USIACHE. Kijiko kilekile, kila asubuhi, usiruke hata siku moja mpaka nifike. Nimeomba likizo, katikati ya mwezi nitakuwa kwako. Tutabadilisha uende kwenye vidonge vinavyojulikana, kisha tupunguze polepole kwa miezi. Hayo mafua yako nenda kituo cha afya yakaangaliwe kesho. Na ukianza kutapika, usingoje mtu, nenda hospitali na karatasi niliyoiambatanisha. Nimekupigia, simu imezimwa, bila shaka uko barabarani na mwalimu wako wa hesabu. Mara hii hata sijakasirika.

Akupendaye,
Honi


2 Machi

Kwa daktari yeyote wa dharura atakayempokea shangazi yangu,

Ndugu yangu katika kazi, najua una foleni. Mimi pia ninayo. Mama huyu ametumia kwa miezi mingi unga wa mizizi ambao karibu nina hakika umechanganywa na steroidi. Akikufikia akiwa amelegea, anatapika au anachanganyikiwa, na presha yake haipandi kwa maji, tafadhali usiishie kwenye tumbo wala malaria. Mpe haidrokotisoni miligramu mia moja kwenye mshipa hapohapo, na maji ya chumvi, na uangalie sukari. Kama unataka damu ya kipimo cha homoni, ichukue, lakini usisubiri majibu. Kama kuna maambukizi kifuani, yatibu pamoja. Nikiwa nimekosea, sindano moja haitamdhuru. Nikiwa nimepatia nawe ukangoja, atakufa mbele yako. Mimi nilingoja.

Atakwambia hajambo. Usimsikilize.

Daktari, idara ya dharura (namba yangu ya simu iko nyuma)


7 Machi

Daktari Honi,

Kwenye simu uliniambia nitulie, niandike kila kitu kwa mpangilio kwa sababu nilikuwa nachanganya habari. Sasa nimetulia. Mimi ni mtu wa spana, barua siziwezi, lakini nitajitahidi.

Kwanza kabisa, Mwalimu, yaani shangazi yako, alikudanganya. Siku barua yako ya ukali ilipofika, aliisoma ndani ya gari, vioo vimefungwa. Akashuka, akaja gereji kwangu na makopo mawili ya ule unga, moja hata halijafunguliwa, akayamwaga yote kwenye pipa la oili chafu. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema, "Mtoto amesema niache." Nikamwambia, basi mwandikie kwamba umemsikia, atafurahi. Akanijibu nikifungua mdomo ananifukuza kazi. Daktari, mimi sijaajiriwa na Mwalimu. Nina gereji yangu. Lakini nilinyamaza, unamjua alivyo.

Tangu hapo hakuwa mtu yule. Goti lilirudi kwa hasira. Baadaye mafua, baadaye chakula hakipiti, akawa anakaa kiti cha abiria anawaachia wanafunzi waende watakako. Mwalimu wa hesabu aligonga nguzo ya taa na hakutukanwa! Hapo nilijua kuna jambo. Alhamisi akashuka kumwonyesha mtu jinsi ya kuegesha, akakaa chini barabarani, akaanza kutapika. Nilimpakia nikampeleka hospitali.

Hospitali nimechoka nayo. Getini niliulizwa mimi ni nani yake. Nikasema fundi wake. Wakaniambia ndugu tu ndio wanaingia. Nikasema basi mimi ni kaka yake. Wakataka kujua mbona mwanzo nilisema fundi, kama vile fundi hana dada. Ndani walisema ni tumbo. Kisha wakasema huenda malaria, tungoje kipimo. Dripu zinaingia, yeye anazidi kulegea, anamwambia muuguzi aweke gia ya pili.

Kesho yake asubuhi dereva wa basi akaleta bahasha yako. Nikampelekea, nikidhani itamchangamsha. Macho hayakuweza kusoma, akaniambia nimsomee. Nikasoma kinyozi, nikasoma tezi. Nilipofika pale palipoandikwa kwa herufi kubwa USIACHE, niliishia hapo. Mimi nilijua kilichomo kwenye pipa langu. Mwalimu akasema, "Endelea, mbona umesimama?" Sikuendelea. Nilichomoa ile karatasi ya pili nikakimbia nayo.

Daktari wa zamu ni kijana mwenye haraka zake. Akaniuliza, "Nani huyu anayenipa amri kwa barua?" Nikamwambia soma kwanza, utagomba baadaye. Akasoma. Akarudia mwisho. Akaondoka mbio kuliko nilivyokuja mimi, nikasikia anaita sindano. Jioni Mwalimu alinifokea kwa kuingia wodini na viatu vya oili. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Nimemaliza. Nisamehe kwa kunyamaza mwanzo.

Fundi


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilikaa siku mbili kando ya kitanda chako, na kila nikifungua mdomo unajifanya umelala. Unakoroma vibaya ukiwa macho, kwa taarifa yako. Ukilala kweli hukoromi kabisa. Kwa hiyo naandika, kwa sababu barua huwezi kuifumbia macho.

Kwanza vidonge. Asubuhi na mchana, kila siku, kama ilivyoandikwa. Usiviruke, usivigawe, usimpe jirani mwenye mgongo. Ile kadi inayosema una tatizo la tezi ikae kwenye pochi yako, siyo kwenye droo ya ofisi. Ukipata homa unaongeza kipimo kama nilivyokuonyesha, na ukitapika unaenda hospitali hapohapo, hata kama mwanafunzi yuko katikati ya mzunguko. Muuguzi ameniambia umemuuliza ni lini unaweza "kumaliza hivi vitu". Utamaliza nitakaposema mimi. La, nakosea, hilo neno sina haki nalo tena. Utamaliza vipimo vitakaposema.

Naam, mimi ndiye niliyeandika acha leo hii. Sikuuliza swali hata moja. Mgonjwa nisiyemjua ningemuuliza tangu lini, kiasi gani, unajisikiaje. Wewe nilikugombeza tu. Hilo ni langu na sitakuomba unibebee.

Lakini hili lako naomba unieleze, maana linanila. Maisha yangu yote unanibishia. Nikisema kulia, unakwenda kushoto na honi unanipigia. Halafu siku moja unaamua kunitii, kisha unaniandikia kwamba umenikaidi! Nani anafanya hivyo? Neno moja tu, "nimeacha", na siku ile ya kinyozi ningepanda basi na sindano mkononi. Badala yake nilicheka pale mapokezi. Nilikuwa nacheka, shangazi, na wewe ulikuwa unakufa. Nikilala naisikia ile sauti ya kucheka kwangu.

Kwa nini hukuniambia? Usinijibu kuhusu mwalimu wa hesabu.

Honi


29 Machi

Honi mwanangu,

Vidonge nameza. Fundi anakuja kila asubuhi kusimama juu yangu kama mtahini. Nimemwambia akitaka kunichunguza aje na viatu visafi. Kadi iko kwenye pochi.

Unauliza kwa nini sikukwambia nimeacha. Jibu la kwanza lilinijia upesi: ungevimba kichwa. Ungekuja hapa na kila siku ungeniambia, unaona, shangazi, ulivyosikia safari ile? Hilo ni kweli, lakini siyo lenyewe. Nimeliandika mara kadhaa nikalichana. Leo nimemtoa Fundi nje ili niliandike lenyewe.

Ulipoletwa kwangu baada ya baba yako kufariki, ulikuwa unaamka kabla yangu unakuja kusimama mlangoni kwangu. Huingii, husemi kitu, unasikiliza kama napumua. Nikikohoa, unaacha kula. Nikishika kiuno, unauliza, "Shangazi, unaumwa?" Baba yako alikuwa ameumwa miezi mingi mbele yako, anaugua anasema, na kila alichosema wewe ulikibeba kichwani, mtoto mdogo vile. Nilikuangalia pale mlangoni nikakasirika sana. Sikumkasirikia mtu, nilikasirika tu. Nikajiambia, huyu mtoto hatasikia tena mtu mzima akimwambia anaumwa, labda kwa mdomo wa mwingine. Ndiyo sababu la goti ulilisikia kwa Fundi. Na mimi nilikuandikia siku lilipopona, siyo siku lilipoanza.

Sasa uliposema niache, niliacha. Uliandika ukinipenda hata kidogo. Ulifikiri nitafanya nini? Lakini baada ya siku chache goti lilirudi mpaka nikawa nalia ndani ya gari, nimemwambia mwanafunzi akaninunulie maji ili asinione. Ningekuandikia kwamba nimeacha, swali lako la pili lingekuwa, na goti je? Ningejibu nini? Nikaona heri unione mkaidi. Ukaidi wangu umeuzoea, unakutia hasira, hasira haikunyimi usingizi. Nilikosea hesabu. Kumbe ule uongo ndio uliotaka kuniua, na mimi niliutunga ili wewe ulale.

Wewe umeshakuwa mtu mzima. Watu wanakuja kwako wakiwa wanakufa na hukimbii. Nilikuona juzi, nikijifanya nimelala, unavyonishika mkono unahesabu mapigo bila kuangalia saa. Mtoto wa pale mlangoni hayupo tena, na mimi ndiye niliyekataa kuachana naye.

Basi, Honi, goti linauma. Linauma nikisimama, linauma zaidi nikikanyaga klachi, na asubuhi naona haya kusema ninavyoshuka kitandani. Jana nilishuka kwa magoti na mikono, nikakaa sakafuni mpaka Fundi alipokuja. Linauma sana, mwanangu. Sijui nifanye nini nalo.

Shangazi yako